Somo: Kupiga hesabu ya umbali na muda wa safari ya ndege, mfano wa Dar hadi Jeddah

Salaam ndugu zangu wa Dodoma. Mwaka juzi shangazi yangu wa Kondoa aliachwa na ndege akienda Umra. Tiketi ilisema Jumanne, 00:30. Yeye akasoma: Jumanne, saa sita na nusu usiku. Jumanne jioni akafika uwanjani na begi lake, kumbe ndege imeondoka tangu usiku wa kuamkia siku hiyo. Alilia. Sitaki limkute mama wa mwingine, kwa hiyo shikeni kalamu.

Hatua ya 1. Tafuta latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili. Dar: digrii 6.9 kusini, 39.2 mashariki. Jeddah: digrii 21.7 kaskazini, 39.2 mashariki. Longitudo zinalingana, hivyo hesabu ni nyepesi.

Hatua ya 2. Kimoja kiko kusini mwa ikweta, kingine kaskazini, basi jumlisha: 28.6. (Vingekuwa upande mmoja, ungetoa.) Zidisha kwa 111, kilomita za digrii moja. Unapata kama kilomita 3,175.

Hatua ya 3. Gawanya kwa 850, mwendo wa kawaida wa ndege kubwa kwa saa. Ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Jumla ni kama saa 4 na robo, ikiwa ndege haipiti kwingine.

Hatua ya 4. Linganisha saa za nchi. Saudi Arabia na Tanzania saa ni moja, hakuna cha kuongeza.

Hatua ya 5, na hapa tusikimbie. Siku ya tiketi huanza saa sita usiku. Siku yetu sisi, usiku hufuata mchana wake. Kwa hiyo 00:30 ya Jumanne ni Jumatatu usiku kuamkia Jumanne. Kubadili saa: kuanzia 07:00 hadi 18:59 toa 6, kuanzia 19:00 hadi 23:59 toa 18, baada ya saa sita usiku hadi alfajiri ongeza 6. Ukimwandikia mzee wako, andika neno "kuamkia" kwa herufi kubwa.

Kisha hesabu kurudi nyuma mpaka unapotoka Dodoma: kuwa uwanjani muda wa saa tatu kabla ya ndege, foleni za Dar, na treni ya SGR (reli ya kisasa) yenyewe. Kwa ndege ya 00:30, mimi ningepanda treni ya asubuhi Jumatatu.

MASWALI

Swali: Nina duka Majengo, naenda Guangzhou. Longitudo hazilingani, nifanyeje?

Jibu: Chukua kikokotoo cha sayansi. Sin ya latitudo ya kwanza mara sin ya pili, jumlisha cos ya latitudo ya kwanza mara cos ya pili mara cos ya tofauti ya longitudo. Latitudo ya kusini iwekee alama ya kutoa. Guangzhou ni 23.4 kaskazini, 113.3 mashariki, jibu ni 0.202. Bonyeza cos kinyume (cos⁻¹): digrii 78.3, zidisha kwa 111, yaani kama kilomita 8,700.

Swali: Tiketi ikisema kuondoka 22:00, kufika 13:45 kesho yake, ni karibu saa 16 angani? Mama anakunywa dawa za presha kila saa 12.

Jibu: Hapana. China wametutangulia saa 5, toa hizo: saa 10 na dakika 45. Saa yake ya mkononi ibaki ya Dodoma mpaka atue, dawa anywe kwa hiyo. Ratiba ya siku za kule aipange na daktari wake kabla hajaondoka.