Altezza ikikutupa mkia, anza na matairi

Juzi mdogo wangu aliniletea Toyota Altezza RS200 yake akilalamika kwamba mvua ikinyesha nyuma inamkimbia kila anapoingia kipilefti. Alaimenti (kunyoosha magurudumu) alishapiga mara mbili, bushi za nyuma alishabadili. Nikalizunguka gari tu. Mbele matairi mawili mapya, laini, ya bei. Nyuma mtumba: kushoto chapa moja, kulia chapa nyingine. Tukaanza hivi.

Hatua ya 1: soma ubavu. RS200 nyingi zilitoka na saizi ya 215/45R17 mbele na nyuma. Andika saizi, chapa na tarehe ya kila tairi. Tarehe ni tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usipoziona, ziko ubavu wa ndani. Ingia uvunguni.

Hatua ya 2: upepo. Pima matairi yakiwa ya baridi, ufuate kibandiko cha mlangoni. Kama kimeandikwa kPa, gawanya kwa 6.9 upate PSI. Nunua geji yako mwenyewe. Mimi geji za sheli siziamini.

Hatua ya 3: linganisha mzunguko wa matairi ya nyuma. Hii iliwahi kunila Jumamosi nzima, kwa sababu niliamini matairi yenye namba moja ubavuni yako sawa. Tairi jipya lenye mifereji ya milimita 8 na lililobaki na milimita 3 hutofautiana karibu milimita 31 kwa kila mzunguko mmoja, ingawa yote yameandikwa 215/45R17.

Tafuta mita 20 za sakafu ngumu, tambarare. Weka gia huru. Chora mstari wa chaki kwenye ubavu wa kila tairi la nyuma, pale linapogusa chini. Sukuma gari mpaka tairi la kushoto lizunguke mara kumi, kisha tazama chaki ya kulia. Matairi yakilingana, nayo iko chini. Ikiwa imepita au haijafika, pima kwa futi kamba umbali kutoka ilipo chaki hadi chini kabisa, ukifuata mviringo wa tairi, halafu gawanya kwa kumi.

Sasa kilichonipotezea siku: nilisukuma huku usukani umekaa upande kidogo. Gari likipinda, tairi la nje linasafiri zaidi, basi mara kulia linaongoza, mara kushoto. Nikabaki nalaumu difu (gia za nyuma zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili) bure. Nyosha kamba sakafuni na uifuate. Upepo uwe sawa kulia na kushoto kwanza, na asikae mtu ndani isipokuwa wa kushika usukani. Usipime kwenye mchanga.

Kwa nini nahangaika na milimita? Wapo wanaofunga 205/50R17 upande mmoja na 215/45R17 upande wa pili. Kwa kilomita moja, dogo, yaani 215/45R17, linazunguka kama mara 509 na kubwa, 205/50R17, mara 500. Difu haipumziki hata barabara ikiwa imenyooka. Kama difu yako ni ya aina ya Torsen, gurudumu la polepole ndilo linalopewa nguvu zaidi, hivyo ukikanyaga mafuta gari linavutwa kuelekea upande wa tairi dogo. Alaimenti haiponyi hilo.

Hatua ya 4: mazuri yaende nyuma. Najua wengi huyaweka mbele. Mbele ikiteleza, gari linakataa kona, unapunguza mafuta taratibu na linarudi. Nyuma ikiteleza linazunguka, na ukiachia mafuta ghafla unaliongezea. Ukihamisha, angalia mshale wa ubavuni usigeuke. Mimi ningenunua manne mapya ya bei ya kawaida kabla ya mawili ya kifahari na mawili ya mtumba.

Hatua ya 5: jaribu. Kiwanja kitupu, sakafu yenye maji, kilomita 30 kwa saa, duara pana.

La mdogo wangu sasa linapeleka pua nje badala ya mkia, na akishika breki linavuta kushoto kidogo, maana yale mawili yasiyofanana yako mbele. Anaendesha polepole hadi mwisho wa mwezi, mshahara utoke.