Anayejua asishike mausi

Kwa walimu wenye watoto wengi na kompyuta chache: waweke wawili wawili, na anayejua zaidi ndiye aweke mikono nyuma ya mgongo. Aelekeze kwa mdomo tu. Mwenzake ashike mausi na afanye anachoambiwa, si zaidi. Kila baada ya dakika 5 piga makofi, wabadilishane.

Siri iko kwenye maneno. Mtoto akiwa na mausi mkononi anabofya haraka, mwenzake anabaki mtazamaji kipindi kizima. Mikono ikiwa nyuma, "bofya pale" haimsaidii mtu. Nimemsikia wa darasa la 4 akihangaika kwenye Scratch, programu ambayo watoto huunganisha vipande vya maagizo kwenye skrini: "Hapana, buruta ile ya kusogea hatua 10, iweke chini ya ile ya bendera ya kijani, zigusane." Hapo ameshapanga maagizo kwa mfuatano, na huko ndiko kuandika programu kwenyewe. Na wewe mwalimu usiguse mausi ya mtoto, hata kama kengele imekaribia kulia. Hili ndilo gumu kuliko yote.

Mbinu hii haifai kwenye somo la kuchapa, kwa sababu pale vidole vyenyewe ndivyo vinavyojifunza. Inakwama pia kama wote wawili hawajui majina ya vitu: dirisha, folda, kishale. Tumia kipindi kimoja kuyafundisha kwanza. Wadogo wanaochanganya kulia na kushoto, wafunge uzi mwekundu mkono wa kulia.