SOMO: Jinsi ya kuripoti udanganyifu kiwandani bila kujiunguza

Wagosi, salaam. Swali hili naletewa kila wiki, tena na watu wale wale, kwa hiyo naliandika hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitamtumia kiungo cha uzi huu. Nafanya ukaguzi wa ndani kwenye kiwanda cha chakula hapa Tanga. Kiwanda gani, hakihusiki.

Hatua ya 1. Soma kijitabu cha maadili ulichosainishwa siku unaajiriwa. Umekipoteza? Kaombe kingine utumishi.

Hatua ya 2. Ujue ulichokiona kinaitwaje: wizi, rushwa, mgongano wa maslahi, au chakula kisicho salama. Bosi kukununia hakumo.

Hatua ya 3. Andika ulichokiona, usiandike unachokiamini.

Taarifa nyingi hufia hapa, na ya kwangu ya kwanza ilifia hapa hapa. Mtu anaandika: "Mpokea mzigo ni mwizi, anakula na madalali wa mahindi, kila mtu anajua." Mkaguzi aifanyie nini hiyo? Sasa soma hii: "Jumanne saa nne asubuhi lilipokelewa lori la mahindi kutoka Handeni. Bambo (chuma cha kuchotea sampuli ndani ya gunia) lilichomwa kwenye magunia ya mlango wa nyuma tu. Ya katikati na ya chini hayakuguswa. Kipima unyevu kilisoma 15.2, kwenye hati ikaandikwa 13.2. Nilikuwa nimesimama kando ya meza, na kijana wa mizani alikuwepo." Basi. Hakuna tusi, hakuna "inasemekana". Kiwango cha unyevu wa mahindi hakitakiwi kuzidi asilimia 13.5, maana yake lori lile lilipaswa kukataliwa pale pale getini. Mkaguzi hana haja ya kukuamini wewe. Anakwenda kwenye hati, anachoma bambo magunia ya katikati, anapima upya. Na msidhani ni mchezo wa tarakimu: mahindi yaliyowekwa stoo bila kukauka ndiyo yanayoota ukungu wa sumukuvu, na sumukuvu haifi kwa kusongwa ugali.

Tahadhari za hatua hii, na naomba zisomwe:

Usiingie kwenye kompyuta kwa nywila ya mwenzako eti unatafuta ushahidi. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na utageuka mshitakiwa wewe badala ya yule mwizi.

Usibebe hati halisi kwenda nazo nyumbani. Nakili namba yake, tarehe na namba ya lori.

Usimhoji unayemshuku. Ukimwambia "mbona umeandika 13?" saa tano, saa tisa utakuta hati mpya na magunia yameshachanganywa.

Usiweke kwenye grupu la WhatsApp la shifti. Hata kwa mafumbo.

Hatua ya 4. Usimpelekee unayemripoti, wala shemeji yake. Kampuni kubwa nyingi zina simu au barua pepe ya maadili, na mara nyingi wanaoipokea ni watu wa nje. Kama haipo, nenda kwa mkaguzi wa ndani.

Hatua ya 5. Dai namba ya kumbukumbu, hata kama hukutaja jina. Kisha rudi uulize. Mchunguzi akiwa na swali na wewe hujulikani, hana pa kukupata usipojitokeza mwenyewe.

Hatua ya 6. Ndani wakinyamaza, toka nje. Rushwa ni TAKUKURU, simu 113, bure. Sheria ya rushwa ya 2007 inambana hata mwajiriwa wa kampuni binafsi, msidanganyane kwamba ni ya serikalini tu. Usalama wa chakula ni TBS, Shirika la Viwango. Ile TFDA ya zamani, mamlaka ya chakula na dawa, haina tena kazi hiyo tangu 2019.

MASWALI

Kijana wa Duga: Mkuu kuna mambo nimeyaona kazini, nianzie wapi?

Mtoa mada: Hatua ya 1. Ndiyo maana imeitwa ya 1.

Mama Nasra: Mwanangu, haya yote sawa. Lakini nikijulikana nikafukuzwa, watoto wangu utawalisha wewe?

Mtoa mada: Shikamoo mama. Umeuliza la maana. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015. Inamlinda aliyetoa taarifa kwa nia njema, akaipeleka kwenye mamlaka husika. Shika hayo mawili: aliyekwenda kumwaga kila kitu Facebook amejitoa mwenyewe kwenye mwavuli. Wakikuachisha kazi, usikae nyumbani unalia na majirani. Una siku 30 za kufungua mgogoro CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi. Zikipita, itabidi uanze kwanza kuomba usamehewe kuchelewa, na si kila sababu hukubaliwa. Na siwezi kukuahidi kwamba hakuna atakayekuchukia.

Mzee wa Raskazone: Maadili ni kamba ya kumfungia mbuzi wa maskini. Wakubwa nani anawagusa?

Mtoa mada: Sikusema wanaguswa wote, mzee wangu. Ila wapo walioguswa. Septemba 2025 Nestlé, kampuni kubwa kuliko zote za chakula duniani, ilimfukuza mkurugenzi mtendaji wake, Laurent Freixe, akiwa ana mwaka mmoja tu kwenye kiti. Alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na mfanyakazi aliye chini yake moja kwa moja, na hakuutangaza. Habari ilipita kwenye njia ya ndani ya kuripoti. Uchunguzi wa kwanza haukuthibitisha kitu. Ikabidi waingie mawakili wa nje ndipo ikaonekana. Akaondoka bila malipo ya kuagwa. Kwa hiyo ukiambiwa "haijathibitika", usichane karatasi zako.

Binti Mwahako: Kaka, hapo sijaelewa. Bodi ndiyo iliyomweka, sasa inamchunguzaje mtu wake?

Mtoa mada: Swali zuri sana dada. Uchunguzi ulisimamiwa na mwenyekiti wa wakati ule, Paul Bulcke, pamoja na Pablo Isla, wakati ule mjumbe huru wa bodi, siyo na watu wanaoripoti kwa Freixe. Menejimenti inaendesha kazi, bodi inaisimamia menejimenti. Mkaguzi wa ndani anatakiwa awe na mlango wa kufika kwenye kamati ya ukaguzi ya bodi bila kumpitia meneja mkuu. Ukitaka kuijua kampuni yako, uliza mkaguzi anaweza kufukuzwa na nani. Kama ni meneja peke yake, ukaguzi hapo ni pambo. Hata wajumbe wa bodi wamebanwa: Sheria ya Makampuni ya 2002 inamtaka mkurugenzi mwenye maslahi kwenye mkataba ayatangaze mbele ya bodi. Kama malori yanayobeba mzigo ni yake, aseme.

Shifti B: Nilishapiga picha ile hati nikaitupia grupu la shifti jana kabla ya kusoma hapa. Sasa je?

Mtoa mada: Ripoti leo. Siyo kesho.

Shifti B: Mbona mkali mkuu?

Mtoa mada: Kwa sababu aliyetajwa kwenye hati naye yumo kwenye grupu.

Mgosi wa Muheza: Nje ya mada kidogo. Mimi nachagua wauzaji wa machungwa. Dalali kaleta kapu nyumbani, mke wangu kapokea. Ni rushwa?

Mtoa mada: Hauko nje ya mada hata kidogo. Anayeleta ni yule yule unayeamua kama auze au asiuze, kwa hiyo usilile kimya kimya. Kesho asubuhi liandikishe kwenye daftari la zawadi, mjulishe meneja kwa maandishi, machungwa yaende kantini. Kumrudishia mtu mzima kapu lake mlangoni ni kumvunjia heshima, hilo najua. Mpigie umwambie: "Ahsante sana mzee, kazini tunatakiwa kuandikisha, nimeliandikisha kwa jina lako." Wengi hawarudii.

Mgosi wa Muheza: Na kapu lenyewe? Mke wangu hakubali kurudisha chombo cha mtu kitupu.

Mtoa mada: Yuko sahihi. Atie mkate wa kumimina. Mchele ununue dukani, usiuchote stoo ya kampuni.