Kabla ya kukubali nafasi ya kufundisha na kutafiti pamoja

Umemaliza uzamivu wa biolojia, umepewa mafunzo ya miaka miwili au mitatu ya kufundisha chuoni huku ukitafiti. Anza na barua ya kupewa nafasi: mgawanyo wa muda umeandikwa, au ni ahadi ya mdomo? Programu ya IRACDA ya Marekani, iliyogharamiwa na NIH, taasisi za afya za taifa za huko, iliweka robo tatu ya muda kwa utafiti na robo kwa ualimu. Mkenya wa Malindi asingeweza kuiomba, iliwekewa raia na wakazi wa kudumu wa huko. Ichukue kama kipimo. Pasipo mgawanyo, somo moja la mwaka wa kwanza litakumeza pamoja na vipindi vyake vya maabara na karatasi za kusahihisha.

Kisha bahari. Tuseme unakaa Malindi, unafundisha Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, na unachunguza mikoko ya hori la Mida, karibu na Watamu. Ratiba ya chuo hufuata juma. Maji hufuata mwezi. Bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita kiasi, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku hizo maji hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, mihadhara ikiwa imepamba moto. Kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Ukiomba kila Jumatano iwe ya utafiti, Jumatano hii utaifikia mililana, mikoko inayoota upande wa baharini, ya mbele kabisa kwa miguu. Ijayo, saa zile zile, ni maji mafu, yasiyopwa sana, na yamejaa. Peleka jedwali la maji la mwaka mzima kwa mkuu wa idara kabla ratiba haijafungwa, au tafuta mwenzio wa kupokezana vipindi.

Vibali havisubiri upangwe darasa: leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya, ruhusa ya Huduma ya Misitu kwa mikoko, na ya KWS, shirika la wanyamapori, ukiingia hifadhi ya bahari. Wavuvi nao wapigie hodi mapema.

Uliza pia nani atakaa nyuma ya darasa akutazame ukifundisha, kisha akwambie ukweli. Kama hayupo, hayo si mafunzo, ni uhadhiri wa bei nafuu. Ukiwapeleka wanafunzi kupima mikandaa, aina nyingine ya mikoko, kubalianeni kabla kama vipimo vyao vitaingia kwenye makala yako, na majina yao yatatajwa wapi.

Mwisho, mafuta ya boti na nauli ya Kilifi yawe kwenye bajeti ya mradi, si kwenye mshahara wako.