Kuogea ndoo uzeeni: jinsi ya kupanga bafu mzee asianguke

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Mabafu mengi ninayoyakuta ni sakafu ya sementi, ndoo na kopo, na humo kinachoniogopesha zaidi ni kuinama. Mzee akiinama kuchota maji kisha akainuka ghafla, presha hushuka na kizunguzungu humkuta amesimama kwenye povu. Wanaomeza dawa za presha ndio zaidi.

1. Sugua sakafu kwa brashi mpaka ule utelezi wa kijani utoke, kisha suuza povu lote. Ndala zilizolika soli tupa. Mpe viatu vya plastiki vyenye mkanda nyuma.

2. Tafuta stuli nzito ya mbao yenye mipira miguuni, uiegemeze ukutani. Kiti chepesi cha plastiki sikipendi: miguu yake hutanuka kwenye maji. Akikaa, nyayo zote mbili zikanyage chini.

3. Ndoo nayo iinue juu ya stuli nyingine imara, upande wa mkono wenye nguvu, achote bila kuinama. Hatua hii wengi huipuuza, na ndiyo ningeanza nayo.

4. Changanya maji nje ya bafu: ya baridi kwanza, ya moto baadaye. Pima kwa kiwiko chako. Mwenye kisukari asipime kwa miguu yake, maana huenda ikaungua asihisi.

5. Akae kwanza, ndipo avue. Kama aliwahi kupata kiharusi, mkono mzima hutangulia kuvua, ule dhaifu hutangulia kuvaa. Anayejiweza mwache aoge mwenyewe. Mlango urudishwe bila komeo, nawe ukae karibu umsikie. Asiyejiweza mfunike khanga, ufunue sehemu unayoosha tu. Bibi anayegoma kuogeshwa mara nyingi ana haya, si mkaidi. Muulize angependa aogeshwe na nani.

6. Mkaushe akiwa bado ameketi, hasa katikati ya vidole vya miguu. Achezeshe nyayo juu na chini kwa muda, ndipo asimame taratibu, akikushika wewe au bomba lililofungwa imara ukutani. Kamba ya taulo haibebi mtu.

7. Mafuta mpake chumbani, ameketi kitandani. Nyayo ziache za mwisho, na asikanyage sakafu mpaka umezifuta.