Kutafuta ndani ya tovuti moja kwa Google, kuanzia na site:

Juzi mwenzangu alinipigia simu akiwa amekwama. Alihitaji ripoti ya malaria ya Shirika la Afya Duniani. Alikuwa amewahi kuisoma, lakini sasa kila akitafuta kwenye tovuti ya shirika anapata taarifa za habari tu. Tuliipata kabla hatujakata simu. Tulifanya hivi.

1. Achana na kisanduku cha kutafutia cha tovuti yenyewe. Vingi havipangi matokeo vizuri, na vingine havisomi kilichomo ndani ya PDF. Fungua Google. Bing na DuckDuckGo nazo zinaelewa amri za site: na filetype: tutakazoziona hapa chini, ila mimi nabaki na Google kwa sababu ya amri zake za tarehe.

2. Bana utafutaji ndani ya tovuti moja. Andika site: na anwani ya tovuti (who.int ni ya Shirika la Afya Duniani), kisha neno unalotafuta:

site:who.int malaria

Hatua hii ndiyo inayokwamisha watu wengi, basi tuiendee polepole.

Usiache nafasi baada ya nukta pacha. Ukiandika site: who.int, Google haioni amri tena, inaona maneno ya kawaida, na matokeo yanakuja kutoka kila pembe. Hutaonyeshwa ujumbe wowote wa kosa. Kwenye simu kuwa makini zaidi, maana ukigusa neno ambalo kibodi imelipendekeza, mara nyingi hujiongezea nafasi lenyewe.

Usiweke www. Kosa hili lilinimalizia jioni nzima. Nilinakili anwani kama ilivyo kwenye kivinjari, nikaandika site:www.who.int, na chapisho nililolitaka halikutokea hata kwa maneno ya jina lake kamili. Sababu ni kwamba hazina ya machapisho ya shirika hilo iko iris.who.int, na ukiweka www umeifungia nje. Ukiandika who.int peke yake, unapata www, iris na matawi mengine yote ya tovuti.

Ukishajua tawi unalolitaka, bana zaidi: site:iris.who.int. Unaweza pia kubana kwa sehemu ya tovuti, kwa mfano site:who.int/news.

Na kuna kurasa ambazo hazitatokea hata ukiandika sawasawa: zinazodai nywila, na zile ambazo wenye tovuti wameizuia Google isizioneshe. Kwa hiyo usikate shauri kwamba hati haipo kwa sababu tu Google haikuileta.

3. Ondoa usichokitaka. Hapa ndipo mwenzangu alipofunguliwa njia:

site:who.int malaria -site:www.who.int

Maana yake: nipe tovuti yote ya who.int, toa ile sehemu kuu yenye taarifa za habari. Yanayobaki ni matawi. Acha nafasi kabla ya kistari, usiache baada yake. Kinafanya kazi kwa maneno pia, kama -dengue.

4. Funga maneno kwa alama za kunukuu unapokumbuka jinsi yalivyofuatana, mfano "treated nets". Andika kwa lugha ya hati yenyewe. Ukiandika "vyandarua" hutaifikia PDF ya Kiingereza.

5. Ongeza filetype:pdf ili upate hati za PDF tu. Kama unatafuta majedwali ya Excel, filetype:xlsx.

6. Tarehe: after:2022-01-01 (baada ya siku hiyo) au before:2022-01-01 (kabla yake), mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Mimi huiweka mwisho kabisa, kwa sababu Google hukadiria tarehe ya ukurasa, na hati ya zamani iliyopandishwa upya inaweza kuhesabiwa kuwa mpya.

Ukitaka neno moja kati ya mawili, weka OR katikati kwa herufi kubwa; kwa herufi ndogo haihesabiwi kuwa amri.

Vyote kwa pamoja:

site:who.int "treated nets" filetype:pdf after:2022-01-01

Usianze na mstari mrefu namna hii. Anza na site: na neno moja, tazama kinachokuja, kisha ongeza amri moja moja. Matokeo yakikatika ghafla, futa amri ya mwisho uliyoiweka. Tukiwa bado kwenye simu, mwenzangu aliziweka zote kwa mpigo, na tulipofuta tarehe tu, ripoti yake ikajitokeza mstari wa pili.