Ziara ya kundi kwenye miji ya kale ya Ulaya: hesabu masaa kabla hujalipa

Kama unapanga kwenda kwenye hizi ziara za kundi za siku nane au kumi, zile za kuzunguka miji ya kale ya Ulaya na basi moja na kiongozi mmoja, naomba kitu kimoja tu kwanza, usiangalie idadi ya nchi. Najua brosha inakuvutia hapohapo, nchi saba siku kumi, picha ya Eiffel, picha ya gondola, na bei inaonekana poa kabisa. Ziara yangu ya kwanza niliichagua hivohivo na nilichokiona zaidi ni barabara kuu na vituo vya mafuta. Toka siku hiyo nahesabu vitu viwili kabla sijalipa: miguu yangu itakanyaga mji wa kale masaa mangapi, na nitalala humo ndani siku ngapi.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Kaa na ratiba na ramani ya simu, andika umbali wa mji mpaka mji. Prague mpaka Vienna ni kama kilomita 330, kwa basi masaa manne na kidogo, Vienna mpaka Budapest ni kama 240, kwa hiyo miji hiyo mitatu kwa siku nane inakaa vizuri sana na unabaki na nguvu. Roma, Florence na Venice nayo ni safi, kila kipande kiko chini ya kilomita 300. Lakini ukiona leo Paris, kesho Uswisi, kesho kutwa Venice, ujue siku zako zimeliwa na kiti. Na usidhani dereva atakimbiza basi mfike mapema, sheria ya Umoja wa Ulaya inamtaka apumzike dakika 45 kwa kila masaa manne na nusu ya kuendesha, na kwa siku asizidishe masaa 9 ya kuendesha, mara mbili tu kwa wiki ndo anaruhusiwa 10, na kuna kifaa ndani ya basi kinarekodi kila kitu hata mumbembeleze vipi. Maana yake ni hii: mkichelewa nusu saa kutoka hotelini kwa sababu ya mtu mmoja aliyesahau chaja, hiyo nusu saa haikatwi barabarani, inakatwa kwenye mji mnaoenda.

Halafu soma vitenzi vya ratiba, tena soma polepole. Wakiandika "tutatembelea Colosseum", ule uwanja wa kale wa Roma, maana yake kwa kawaida unaingia ndani na tiketi imeshalipwa. Wakiandika "tutaona" au "tutapita", unaiona dirishani au mnashushwa dakika ishirini mpige picha kwa nje. "Ziara ya panoramiki" ni basi linazunguka mji na wewe umekaa. "Muda huru" ni raha kama mko katikati ya mji, ila hoteli ikiwa nje huko muda huru ni kukaa lobi unaangalia simu. Na neno "hiari" ndo la kuogopa zaidi, hizo ni safari ndogo za kulipia tena ukishafika, na kwenye ziara za bei ya chini hizo za hiari mara nyingi ndo vitu vyenyewe vilivyokutoa nyumbani, kwa hiyo jumlisha zote kwenye bei, jumlisha na kodi ya jiji ambayo hoteli nyingi za Italia zinadai pale kaunta kwa kila mtu kila usiku, na bakshishi ya dereva na kiongozi, na nyongeza ya chumba kama unalala peke yako, ndo ulinganishe kampuni na kampuni. Mara nyingi ile iliyoonekana ghali inageuka kuwa nafuu.

Hoteli nayo ina lugha yake. "Eneo la Florence" inaweza kuwa miji mingine kama Prato au Montecatini Terme, "eneo la Venice" mara nyingi ni Mestre, upande wa nchi kavu. Mestre mimi siikatai, treni mpaka kituo cha Santa Lucia ni kama dakika kumi, jioni unaweza kurudi Venice mwenyewe ukatembea mpaka uchoke. Lakini Montecatini iko karibu kilomita 50 kutoka Florence, basi likikurudisha huko saa kumi na moja jioni, Florence imeisha kwako. Niko tayari kulipa zaidi nilale chumba kidogo chenye ngazi nyembamba ndani ya mji kuliko hoteli kubwa ya pembeni ya barabara kuu, kwa sababu hii miji mchana ni ya umati, asubuhi na usiku ndo inakuwa yenyewe.

Kitu kingine ambacho watu hawakiangalii kabisa ni siku za wiki. Chukua tarehe za ziara uziweke kwenye kalenda. Makumbusho ya Accademia ya Florence, ilipo sanamu ya Daudi ya Michelangelo, hufungwa Jumatatu, makumbusho ya Uffizi hapohapo Florence pia Jumatatu, kasri la Versailles karibu na Paris Jumatatu, mchoro wa Leonardo wa Karamu ya Mwisho pale Milan Jumatatu, makumbusho ya Louvre ya Paris Jumanne, na Makumbusho ya Vatican hufungwa Jumapili isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi, ambayo kuingia ni bure na foleni ni balaa. Ukiangukia Florence siku ya Jumatatu utamwona Daudi wa nakala pale Piazza della Signoria, anapendeza, lakini siyo yule aliyekamilishwa 1504. Kwa hiyo kabla ya kulipa waandikie kampuni, waulize tarehe hii tutakuwa wapi na pale patakuwa wazi, na majibu yawe ya maandishi.

Sasa makaratasi. Jina uandike kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, maana tiketi za Colosseum siku hizi zina jina la mtu na mlangoni wanaweza kudai kitambulisho, ngome ya Alhambra kule Granada, Hispania, hivohivo. Kundi letu moja kulikuwa na mama alijiandikisha kwa jina la ndoa na pasipoti ina jina la kuzaliwa, wakamkatalia, sisi tukaingia yeye akabaki kwenye ukuta wa mawe kule nje kashika chupa ya maji karibu masaa mawili, na iliniuma mno kwa sababu yeye ndo alikuwa amesoma habari za ile sehemu kuliko sisi wote.

Kama unahitaji viza ya Schengen, yaani ile moja inayotumika kwenye nchi nyingi za Ulaya, unaomba kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, unaruhusiwa kuanza miezi 6 kabla na usivuke siku 15 kabla ya kusafiri, na bima yako ya matibabu iwe na kiwango cha angalau euro 30,000. Angalia sana kama ziara inatoka nje ya Schengen katikati halafu inarudi. Mfano zile za Dubrovnik zinazoenda kushinda Mostar, Kroatia iko ndani toka 2023 lakini Bosnia haimo, kwa hiyo unahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Na ziara ikianzia London ujue Uingereza ina viza yake peke yake.

Kuhusu pesa ya kampuni, kifurushi cha ziara ukikinunua ndani ya Umoja wa Ulaya kuna sheria ya 2015 inakulinda. Wakipandisha bei kwa zaidi ya asilimia 8 unaweza kujitoa bila kukatwa, ndani ya siku 20 za mwisho hawaruhusiwi kupandisha kabisa, na ukishindwa kwenda unaweza kumpa mtu mwingine nafasi yako ukiwaambia siku 7 kabla, ingawa gharama za kubadilisha jina zipo. Wao nao wanaweza kufuta safari watu wasipotimia, kwa ziara ya zaidi ya siku 6 lazima wakuambie angalau siku 20 kabla, kwa hiyo tiketi ya ndege isiyorudishwa usinunue mpaka waseme kundi limetimia.

Kwenye kufungasha sitasema mengi, viatu tu. Viatu ambavyo umeshavitembelea wiki kadhaa, soli nene, maana mawe ya Roma na ya Prague yanaingia mpaka kwenye magoti, na kuba la kanisa kuu la Florence lina ngazi 463 bila lifti. Kitenge au skafu nyepesi ikae kwenye begi dogo kila siku, kanisa la St Peter's pale Vatican na makanisa mengi ya Italia hawakuruhusu kuingia mabega na magoti yakiwa wazi. Kama mnalala Venice kwenyewe, beba begi dogo la usiku mmoja, basi linaishia kwenye maegesho ya Tronchetto kisha ni boti na madaraja ya ngazi, magurudumu hayakusaidii kitu pale. Sarafu za euro weka mfukoni kwa ajili ya vyoo. Prague ni koruna, Budapest ni forinti, na mashine ya pesa ikikuuliza ukatwe kwa pesa ya nyumbani au ya hapo, chagua ya hapo kila mara.

Mkishafika mtakutana na watu wawili ambao wengi wanawachanganya. Kiongozi wa msafara ndo mko naye toka siku ya kwanza, anashughulika na hoteli, mabegi, kuhesabu vichwa kwenye basi. Mwongoza watalii wa mji ni mwingine, mara nyingi ana leseni ya hapo, anakuja masaa mawili matatu anaondoka. Swali la chumba mpelekee wa kwanza, swali la historia mwekee wa pili, na usimwachie aondoke bila kumuuliza kitu anachokipenda yeye mwenyewe, hapo ndo utaambiwa kanisa dogo lisilo na foleni. Mtapewa kile kifaa cha kuweka sikioni cha kumsikia mwongozaji. Jifunze sauti yake: mkiwa karibu inasikika safi, ukianza kubaki nyuma inakwaruza, ikikatika umeshapotea. Mimi ikianza kukwaruza tu naacha kupiga picha.

Vatican utaona mwongozaji anawasimamisha uwanjani nje muda mrefu mbele ya bango lenye picha za dari, watu wanaanza kulalamika kwamba jua kali, twende ndani. Msikilize hapo hapo. Ndani ya Sistine Chapel, kanisa dogo la Vatican lenye hiyo dari, hairuhusiwi kuongoza kundi kwa sauti wala kupiga picha, kwa hiyo yale maelezo ya dari aliyoichora Michelangelo 1508 mpaka 1512 unayapata nje tu, ukiingia unakuwa na macho yako na ulichokumbuka. Venice nayo toka 2024 kundi lisizidi watu 25 na vipaza sauti ni marufuku, kwa hiyo msishangae basi lenu likigawanywa mara mbili.

Muda wa kukutana andika kwenye simu kwa tarakimu, 13:30 siyo "saa saba na nusu", ukitafsiri kichwani huku umechoka utakosea. Piga na picha ya mahali pa kukutania. Na pale Prague kwenye ile saa kubwa ya mnarani iliyotengenezwa 1410, kila saa kamili kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tano usiku sanamu ya mifupa ya mtu inavuta kamba ya kengele na sanamu za mitume zinapita madirishani, watu mia kadhaa wameinua shingo na simu juu, wezi wa mifukoni wanaijua hiyo dakika kuliko wewe. Begi mbele ya tumbo, mkono juu ya zipu, ndo uangalie.

La mwisho, fungasha usiku. Watu wa kundi wanaamka kufungasha, halafu kifungua kinywa, halafu basi. Ukifungasha usiku unapata lisaa limoja na nusu ambalo halimo kwenye ratiba. Charles Bridge ya Prague mchana huna hata pa kugeukia, ni daraja lililoanza kujengwa 1357 na kila mtu anataka kupita. Mwezi wa tano nilifika pale saa kumi na mbili asubuhi, jua limeshatoka, daraja zima la mita mia tano tulikuwa kama watu kumi, sanamu 30 zimesimama pande zote mbili na mto unasikika. Nikaenda mpaka kwa sanamu ya mtakatifu John wa Nepomuk, pale chini kuna bamba la shaba limeng'aa kwa sababu ya kushikwashikwa, mchana watu wanapanga foleni. Nikaweka mkono, lilikuwa la baridi na lina umande, nikakaa nalo mpaka nikatosheka. Saa moja na robo nilikuwa nimerudi hotelini, mkate bado wa moto, na wenzangu ndo kwanza wanashuka na mabegi.